Mkuyu wa Juu ya Jabali

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio yako wapi?
— Yako wazi, mimina!
— Na nikimwaga?
— Tutaokota!

Basi okoteni.

Hapo kale alikuwepo pimbi mmoja, jina lake Nyamizi. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, mdogo kama sungura aliyepungukiwa masikio. Nyamizi aliishi juu ya jabali pamoja na mdogo wake, Kabula. Na kwenye kishimo cha jabali hilo, kishimo kisichozidi bakuli la uji, alikuwa na mti. Mkuyu. Si mche, jamani. Mkuyu mzima, mzee, uliopandwa na bibi wa bibi yao. Shina lina makunyanzi, mizizi imeng'ang'ania jiwe kama vidole, matawi yametanda. Ila urefu wake wote, toka mzizini hadi kileleni, ni kama mkono wako kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole.

Kila asubuhi Nyamizi aling'ata ncha za matawi, kwe! Akapunguza mzizi uliozidi, kwe! Akadondosha umande aliouchota kwa jani, to, to, to. Kisha akalaza kidevu juu ya jiwe, chini kabisa ya matawi, akatazama juu. Lo! Hapo hakuna mti tena. Ni majani tu, kutoka pembe hii ya mbingu hadi pembe ile. Kila siku alitazama, na kila siku moyo ulimwenda mbio kama mara ya kwanza.

"Dada," Kabula alimwambia, "mti wenyewe kivuli chake hakimtoshi hata mjusi. Na haujawahi kuzaa."

"Sema polepole, mti unasikia," alijibu Nyamizi.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Huko bondeni akaingia Ndovu, ti! ti! ti! Akala mgunga pamoja na miba yake, akasema, "Bado." Akala mkwaju, akasema, "Bado." Akala mninga, akamenya magome, akang'oa mizizi, akasema, "Bado." Ndege wakabaki wanazunguka angani, hawana pa kutua. Bonde lilipokwisha, Ndovu akaja mpaka chini ya jabali, ti! ti! ti!

"Dada, tukimbie!" alisema Kabula.

"Na mkuyu je?"

"Si tunauacha!"

"Nikiung'oa, unakufa. Nikiuacha, unaliwa. Kimbia wewe, mdogo wangu."

Kabula hakukimbia. Alijibana nyuma ya dada yake, meno yakimgongana.

Ndovu akainua kichwa. Akakunja vile vijicho vyake. Akaacha kutafuna.

"We kipimbi!"

"Shikamoo, Babu Ndovu."

"Marahaba. Ule mkuyu kule… uko nchi gani?"

Nyamizi nusura aseme, "Upi?" Akageuka. Ukingoni mwa jabali palikuwa na mkuyu wake tu, na nyuma yake anga jeupe la vumbi. Hakuna jani jingine wala jiwe la kuupimia. Ndipo akaelewa. Mzee anadhani ule ni mti mkubwa ulio mbali!

Akajibu upesi.

"Ule, Babu? Ule uko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Mimi na hivi vimiguu sijawahi kufika. Kwa hatua zako wewe, labda siku nne."

"Siku nne, na nauona mpaka jani moja moja!"

"Ndiyo ukubwa wake huo, Babu."

Ndovu akameza mate, gubu!

"Nipite wapi?"

"Zunguka jabali, ushike linakozama jua. Ukishazunguka, mkuyu hutauona tena. Usishtuke. Ujue ndiyo unaukaribia. Aliye chini yake haoni shina, haoni tawi. Anaona majani tu, kutoka pembe hii ya mbingu hadi pembe ile."

Sauti ilimtetemeka, wala si kwa sababu ya uongo. Alikuwa anasema alichokiona asubuhi ile ile.

Mnyama ambaye hajawahi kusifu kitu ila baada ya kukila, leo ameshusha mkonga.

"Pembe hadi pembe?" akanong'ona.

"Pembe hadi pembe, Babu."

"Na makuyu yake?"

"Hayana idadi. Wewe fungua mdomo tu."

Akaenda, ti! ti! ti! Akazunguka jabali, akatazama: mkuyu hakuna! "Nimekaribia!" Siku ya pili, mkuyu hakuna. "Nimekaribia zaidi!" Siku ya nne akasimama katikati ya mbuga tupu, haina mti wala kichaka. Akatazama juu. Mawingu meusi yalikuwa yametanda, tawi juu ya tawi, hayana mwisho.

"Kumbe ni kweli," akasema. Akafungua mdomo.

To! To, to… shaaa! Mvua.

Ndovu alikunywa huku analia. Nyasi zikaota pale pale, akakaa pale pale. Mpita njia akipiga kelele, humwambia, "Taratibu, bwana. Huoni uko chini ya mti gani?"

Na kule jabalini mvua ilinyesha pia. Siku ya saba yake Kabula akaita, "Dada! Njoo! Njoo upesi!"

Kwenye shina la mkuyu palikuwa na kitu kama punje ya ulezi, chekundu. Kando yake kingine. Kando yake kingine. Makuyu! Kabula akalipasua moja kwa ukucha. Ndani mlijaa mbegu, hakikupungua kitu. Wakaketi wawili, vichwa pamoja, wakitazama mpaka jua likafika utosini, na hakuna aliyekumbuka kula.

Ngano yangu imefika, nami nimefika. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka amwachie jirani. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msidanganye wazee. Mzee akiwauliza njia, mwelekezeni vizuri mpaka afike. Na miti mifupi achaneni nayo, haina faida yoyote.