Kipa Asiyefungika

Siku nyingi baada ya serikali kuuzuia mchezo wa mpira wa mtandaoni, mkaguzi Ngwali aliingia kwa kishindo katika ukumbi wa kompyuta wa Mwanahawa, askari wakimngoja nje.

"Umefunga ule mchezo?"

"Nimefunga, bwana mkubwa. Mabao matano."

"Unanitania? Kompyuta zako zote nazibeba!" Akaikumbatia ya kwanza.

"Zibebe tu. Mchezo wenyewe mwepesi, kipa wake hata bibi yangu anamfunga."

"Muongo! Yule kipa hafungiki! Jana nimempigia penalti mpaka kidole kikavimba!"

Wateja wote wakageuka.

"Jana?" Mwanahawa akauliza. "Si mliuzuia tangu Ramadhani?"

Ngwali akairudisha kompyuta mezani polepole, akawachungulia askari wake.

"Funga mlango," akanong'ona, "unioneshe unampitishia wapi."