Waya Mmoja Uliozidi

Wahenga hawakuona haya kuyataja matako waliposema kwamba nguo ya kuazima haiyasitiri. Walijua kuwa anayejipamba kwa kisicho chake hutembea kwa madaha mbele za watu, asijue nyuma ameachwa wazi. Na ikiwa hata iliyoazimwa kwa ruhusa haisitiri, itakuwaje iliyochukuliwa kwa marehemu, ambaye hawezi kuja kuidai?

Marehemu mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu. Tumbo lake lililishwa na majokofu, lakini roho yake ilikuwa kwenye redio. Alijiunga na chama cha wapenzi wa redio, watu ambao huketi nyumbani kwao na kuzungumza na wageni wa mbali, bila malipo, kwa mapenzi tu. Mdogo wake wa kike, mshonaji, alimfuata huko hata naye akapata leseni. Chamani walimwita kaka mtu Mawimbi, na jina likamganda kama kupe.

Mawimbi hakupanda juu ya paa kabla ya kuketi mbele ya kompyuta. Katika programu yake alichora kila waya wa antena, akaandika urefu wake, unene wake na kimo chake kutoka ardhini. Kompyuta ilikokotoa, kisha ikachora umbo kama la boga, kuonyesha mawimbi yatafika wapi na wapi hayatafika. Boga likibonyea upande asioutaka, alifuta akaanza upya. Antena yake ya mwisho aliichora kifua kikiwa kimembana, anakohoa huku anakokotoa. Alitaka iwe ndogo, ya waya wa kawaida, itoshe kwenye ua wa mtu asiye na shamba. Aliimaliza kwenye skrini. Kuipandisha hakujaaliwa.

Miongoni mwa waliokuja kuhani alikuwamo rafiki yake aliyependa kuitwa Mhandisi, ingawa chuo kilichompa uhandisi huo hakuna aliyekijua. Alilia kuliko wafiwa. Machozi yalipokauka akamwambia dada mtu kwamba kompyuta ile imezeeka, itakufa na kazi zote za marehemu, heri azihamishie kwenye flashi azitunze. Dada alishukuru. Mfiwa hushukuru hata kwa kusogezewa kiti. Hakujua kwamba mtu yule alihamisha kweli kweli: kwenye kompyuta hakubakiza kitu.

Chama kilikuwa na desturi ya kuchagua mchoro mmoja kila mwaka, kuujenga juu ya paa la ofisi yake, na kupigilia kwenye mlingoti kibao chenye jina la aliyeubuni. Dada alitaka jina la kaka yake likae pale. Alipoifuata flashi, Mhandisi alimjibu kwa huzuni kubwa kwamba imeharibika, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Dada akarudi nyumbani, akafungua kompyuta akaikuta tupu, akamlilia kaka yake mara ya pili.

Siku ya kuchagua, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alimkaribisha Mhandisi, naye akasimama kando ya projekta amevaa tai. Ukutani ukatokea mchoro wa nyaya, na juu yake boga ambalo dada alilijua kama anavyoijua sindano yake. Alimsikia mtu yule akieleza jinsi alivyokesha, jinsi alivyokosa usingizi, jinsi wazo lilivyomjia, na kila neno lilikuwa kama kofi kwenye uso wa maiti. Lakini angesema nini? Ushahidi hakuwa nao.

Ndipo Katibu, mama wa makamo ambaye si mwepesi wa kupiga makofi, alipoinua kidole. Aliuliza habari za waya mmoja mrefu uliokuwa chini, pembeni, haukuunganishwa na chochote, tena umeinama upande mmoja.

Mhandisi alitabasamu. "Hapo umegusa siri yangu, mama. Huo unayasukuma mawimbi mashariki yaende mbali. Nimeuinamisha kwa hesabu nzito, sitaki kuwachosha."

Dada alijikuta amesimama.

"Huo ni waya wa kuanikia nguo," alisema. "Upo uani kwetu."

Watu waliangua kicheko. Mhandisi hakucheka. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Pole, dada yangu. Msiba bado mbichi. Mtu akifiwa huona vitu."

Pole ile ilimchoma kuliko wizi wenyewe. "Umeinama kwa sababu mama yetu hawezi kuinua mkono juu ya bega," alisema. "Kaka aliushusha upande wa jikoni ili aufikie. Na aliuchora kwa sababu kompyuta haina macho. Usipoiambia kuna waya wa nguo uani, itakuchorea antena ya mahali ambapo watu hawafui."

Katibu akasema jambo hilo halihitaji kiapo. Waya ufutwe, waone kama mashariki patapungua. Mhandisi alishika kipanya, akabofya hapa, akabofya pale, akafungua dirisha na kulifunga. Jasho likamtiririka hadi kwenye tai. Hatimaye Katibu alimsogeza kwa kiwiko, akaufuta mwenyewe na kuiamuru kompyuta ikokotoe upya.

Boga lilijaa. Upande wa mashariki ulivimba kuliko mwanzo.

"Siri yako haikuwa ikisukuma mawimbi, bwana," Katibu alisema. "Ilikuwa ikiyala. Mwenye mchoro aliiweka ili aijue kasoro ya ua wake. Wewe umekuja kutusifia kasoro."

Mwenyekiti, mtu wa kupenda amani hata pasipostahili, alikohoa. Akashauri yasifike mbali, kwani wote ni ndugu. Kibao kiandikwe majina mawili, la marehemu na la aliyeuleta mchoro chamani.

Dada aligeuka. Hasira yake sasa ilikuwa imetulia, na ilitisha zaidi.

"Mwenyekiti, huyu alikuja matangani, akala chakula chetu, akamfuta kaka yangu kwenye kompyuta yake mwenyewe. Jina la kaka si nyumba, halihitaji mpangaji. Likae peke yake, au lisikae."

Katibu aliinua mkono kumuunga. Ukafuata mwingine, na mwingine, hata Mwenyekiti akauinua wake akitazama sakafu. Mhandisi aliokota mkoba wake, akatoka bila kuaga, na hakuna aliyemsindikiza.

Antena ilipopandishwa juu ya paa, dada ndiye aliyeketi kwenye redio kwanza. Mgeni kutoka mashariki ya mbali akamjibu, akauliza ni nani aliyebuni antena yenye sauti safi namna ile. Alilitaja jina la kaka yake lote, lile la Mawimbi na lile alilopewa na wazazi, taratibu, ili mgeni apate kuliandika. Huko nako likajulikana. La Mhandisi halikuulizwa na mtu, maana nguo ya kuazima haisitiri matako.