Kompyuta ya Bwawani Ihegela

Asiyejibu hajaacha kusikia. Mmeisikia leo asubuhi kwa mwenyekiti alipokuwa akimkanya yule kijana wa Kihwele aache kumtukana jirani aliyenyamaza, na sasa mmekuja kuniuliza ni ya wahenga gani. Si ya wahenga. Wahenga hawakuwa na kompyuta. Methali hii ilianza hapa hapa Ihegela, kwa kidole changu hiki, na mkitaka kujua ilivyoanza kaeni mtulie, maana mimi nikikatizwa huanza upya.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kijiji kilikuwa na bwawa lake na mtambo wake mdogo wa umeme. Umeme ule uliwasha zahanati, taa zetu, na mashine ya kusaga ya Mzee Otmari Mgaya, iliyokuwa jengo moja na chumba cha mtambo. Mwangalizi wa mtambo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma miezi tisa katika chuo cha ufundi, nikarudi na cheti na kiburi kidogo.

Bwawa lilikuwa na milango miwili ya chuma, na milango hiyo iliendeshwa na kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kufungua, milango hupanda shubiri moja, kompyuta hutoa mlio mfupi, na namba kwenye kioo hubadilika. Ukitaka shubiri mbili, unabonyeza mara mbili. Kazi ya mtoto, mtasema. Nami nilisema hivyo hivyo.

Chini ya bwawa kulikuwa na vinyungu. Ninyi mboga mnanunua, kwa hiyo niwaeleze: kinyungu ni bustani ya bondeni, kando ya mto, unayolima kiangazi wakati mlimani pamekauka. Ikifika Novemba, mvua zinapoanza, wanawake huwahi kuvuna maharage na mahindi mabichi kabla mto haujadai bonde lake. Mama yangu, Redegunda, alikuwa na kinyungu pale, cha mwisho kabisa, mbali na njia ya kupandia. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Kila alipopita mbele ya mlango wangu na kikapu chake nilimwambia abaki nyumbani, naye kila mara aliniuliza kama cheti changu kinaliwa na chumvi.

Kwa sababu ya vinyungu hivyo tulikuwa na sheria. Kabla ya kufungua maji, unatoka nje unapiga ringi ya lori iliyotundikwa pale ukutani. Mapigo mawili maana yake maji yatapanda kidogo, sogezeni vikapu. Mapigo ya mfululizo yasiyokatika maana yake tokeni bondeni. Wanawake wakisikia, wanajibu kwa ukelele mmoja mrefu. Usipojibiwa, basi hawajasikia: unapiga tena, na tena, mpaka ukelele uje. Nilikuwa nimeishi na sheria hiyo tangu utotoni. Ilikuwa imeniingia mkononi, hata kichwa kikisinzia mkono unajua.

Basi Novemba ile kompyuta ikaanza kuganda. Kwanza mara moja kwa wiki, halafu kila siku. Kishale kinasimama katikati ya kioo, saa ya pembeni haisogei, unabonyeza hili na lile, hakuna kitu. Nilifanya yote niliyofundishwa. Niliizima nikaiwasha. Nilifuta mafaili yasiyo na kazi. Nilichomoa nyaya zote nikazirudisha moja moja. Nilimpigia simu fundi wa mjini, akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamwambia nimeizima mpaka kitufe kimepauka. Akasema atakuja Jumatatu. Wengine walisema ni virusi, na katibu wa kijiji akashauri iombewe. Mzee Otmari peke yake alikuja akasimama mlangoni, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, akasema, "Imakulata, hicho kidude kinavuta unga wangu. Kifungue ukisafishe."

Nilimcheka. Msaga mahindi anifundishe mimi kompyuta! Mcheka kovu hajaumia, na siku yangu ilikuwa njiani.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani siku mbili, na saa tatu asubuhi maji ya bwawa, mekundu kwa udongo, yalikuwa yamegusa mstari wa hatari. Tuta letu ni la udongo. Maji yakilipita juu linakatika, na likikatika hakuna atakayebaki bondeni wa kusimulia. Niliogopa, lakini ulikuwa uoga wa kazini, ule unaojua la kufanya. Shubiri moja ingetosha. Nilitoka nikapiga ringi mara mbili. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, sikuona mtu, ila ukelele ukaja, na sauti ya mama ikiwa juu ya zote. Asubuhi hiyo wanawake waliokuwa wameshuka ni kumi na saba. Niliwahesabu walipopita, kama ilivyokuwa desturi.

Nikaingia, nikabonyeza kitufe cha kufungua.

Kimya. Namba haikubadilika, mlio haukutoka. Nikatazama saa ya pembeni ya kioo: imesimama.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana halikuwa la ujinga, lilikuwa la mazoea. Nimepiga, sijajibiwa, basi sijasikika. Nikabonyeza tena. Na tena. Dirishani niliona maji yakilamba mstari, na kila nilipoyaona kidole kilibonyeza chenyewe. Nikaanza kuisemesha kwa sauti, nikaitukana, nikaibembeleza, huku nabonyeza. Baadaye kumbukumbu zake zilituonyesha nilibonyeza mara ngapi. Mara kumi na nne.

Kuizima nilikuwa na hofu. Ikizimwa, ilichukua karibu nusu saa kuamka, na nusu saa sikuwa nayo. Ndipo nikayakumbuka maneno ya Mzee Otmari. Nikachukua bisibisi nikafungua ubavu wa kompyuta ikiwa inawaka hivyo hivyo, jambo ambalo msije mkalifanya. Ndani niliona aibu yangu. Unga ulikuwa umeingia miezi na miezi, ukaungana na unyevu, ukaganda kwenye feni kama ukoko wa ugali. Feni haikuzunguka hata kidogo, na chuma cha ndani kilikuwa cha moto cha kuunguza. Nikakwangua kwa ncha ya bisibisi, nikapuliza, nikakwangua. Feni ikatikisika, ikazunguka. Nikakaa chini sakafuni kusubiri. Dakika tatu, nne. Saa ya pembeni ya kioo ikaruka mbele.

Ikatoa mlio wake mfupi. Shubiri moja. Nilisema, "Asante Mungu," kwa sauti.

Ikalia tena.

Nilidhani nimesikia vibaya. Ikalia mara ya tatu. Namba kwenye kioo ikasoma tatu, ikasoma nne, na nje nikasikia milango ikinguruma inapopanda, na maji yakabadili sauti. Wajukuu zangu, nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kuogopa kuzaa, lakini hofu ya namna ile sijakutana nayo tena. Kila neno nililoiambia ilipokuwa kimya ilikuwa imelipokea na kulipanga mstari, na sasa ilikuwa inanitii. Inanitii! Nilibonyeza kitufe cha kufunga, nayo amri hiyo ikaenda kupanga foleni nyuma ya zile kumi na nne. Tano. Sita. Nikasimama pale mikono hewani, mwili umegoma, nikamwona mama na goti lake kana kwamba yuko mbele yangu.

Mzee Otmari aliingia mbio. Alikuwa amesikia maji.

"Umefungua ngapi?"

"Moja! Nilitaka moja!"

"Imakulata, umebonyeza mara ngapi?"

"Haikuwa inanijibu, baba! Ilikuwa imekufa!"

Alitazama kioo. Namba ilisoma saba. Ikalia, ikasoma nane.

"Haikufa," alisema polepole. "Ilikuwa inasikia." Kisha akanishika mabega akanitikisa hadi meno yakagongana. "Nenda kwenye ringi! Kamata chuma upige, usiache! Mimi nakata swichi kuu."

Aliikata. Mtambo ukanyamaza, taa zikazimika kijiji kizima, milango ikasimama kwenye tisa. Akaenda tutani kuzungusha usukani wa mkono ili aishushe, kazi ya wanaume wawili, naye alikuwa na miaka sitini na tisa. Shubiri tisa, wanangu. Maji yalitoka pale kama ng'ombe waliovunja zizi.

Nikapiga ringi mfululizo. Nilikuwa nimewaambia kwa mapigo mawili wasogeze vikapu tu, na wao walikuwa wameniamini, wamerudi kuinamia maharage yao. Nilipiga nikatega sikio. Hakuna ukelele. Nikapiga tena, nikaita, "Mama! Mama yo!" Hakuna. Mto ulinguruma ndani ya ukungu na sikuona kitu isipokuwa weupe. Sijui nilipiga muda gani. Ngozi ya viganja ilichubuka. Kila nilipotega sikio na kusikia kimya, niliwatoa wawili watatu katika ile hesabu ya kumi na saba, mpaka akilini mwangu hakubaki hata mmoja. Niliendelea kupiga kwa sababu nikiacha ingekuwa nimekubali.

Kisha mtu akatokea kwenye ukungu, nyuma ya mashine ya kusaga, siyo njia kuu. Mama Tulizo, matope hadi kiunoni, kikapu hana. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Walikuwa wanapita mbele yangu wanahema, wanaanguka kwenye nyasi, hakuna anayesema neno. Niliwahesabu huku napiga. Kumi. Kumi na wawili. Kumi na wanne. Kumi na sita.

"Mama yuko wapi?" niliuliza.

Hakuna aliyenijibu.

"Nawauliza, mama yangu yuko wapi?"

Mama Tulizo alifungua mdomo, kifua kikapanda na kushuka, akaufunga. Mwingine alitazama chini. Nilielewa. Wakati mtu anakutazama hivyo, unaelewa. Nikaugeukia ukuta, nikapiga ringi kama mwehu, sasa si kwa ajili ya mtu yeyote, na nilikuwa nalia kwa sauti mbaya.

Mkono wenye matope ukakishika chuma.

"Inatosha. Umetutoboa masikio."

Alikuwa mama. Alikuwa amepanda kwa mikono na goti moja, akikokota lile jingine. Kanga imebaki huko chini, jembe analo. Aliacha kila kitu, lakini siyo jembe. Nilimshika hivyo hivyo na matope yake, nikamwuliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza, na nilimwuliza kwa hasira.

"Mbona hukujibu? Nimekuita! Nimepiga mpaka mikono imetoka damu! Mbona hamkujibu hata mmoja?"

Akanitazama. Alikuwa hajapata pumzi ya kutosha, kwa hiyo aliyasema maneno yake moja moja.

"Nipande, au nikujibu? Pumzi nilikuwa nayo moja tu." Akakaa kwenye nyasi, akaweka jembe mapajani. "Ringi yako ndiyo niliyoifuata kwenye ukungu. Ungeacha kupiga, ningepotea. Asiyejibu hajaacha kusikia, Imakulata."

Wanawake wakairudia pale pale, mmoja mmoja, kila pumzi iliporudi. Mzee Otmari alipoteremka kutoka tutani naye akaisikia, akatikisa kichwa kuelekea chumba cha kompyuta, akairudia. Jioni ile kijiji chote kilikuwa nayo.

Vinyungu vyote viliondoka. Mwaka ule tulikula vibaya mpaka mavuno ya mlimani, na wapo walionichukia kwa haki kabisa, nami niliwaomba radhi nyumba kwa nyumba. Tundu la ukutani lililopitisha unga kutoka kwenye mashine ya kusaga nililiziba mwenyewe kwa udongo, na tangu hapo kompyuta ile haikuganda tena.

Watu sasa huitumia methali hii kutishia, kama mwenyekiti leo. Ni sawa, ina meno. Unaweza kumtupia mtu maneno kumi na manne kwa kuwa amenyamaza, na siku akiamka yote yakakurudia. Lakini mimi siwezi kuisikia bila kumwona mama akipanda.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Jumapili nikitoka kanisani napitia makaburini, nasimama pale namsalimu, "Kamwene, mama." Namweleza habari za nyumbani, namwambia na mambo ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai. Nachunga maneno yangu, maana namfahamu. Natega sikio kidogo, halafu naondoka zangu. Hanijibu. Asiyejibu hajaacha kusikia.