Kipande cha Kanga Tumboni mwa Tomi

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, zamani ya juzijuzi tu, kule milimani Upare waliishi watu watatu na mbwa wao. Mume ni Elinihaki, mke ni Nakunda, na mama wa mume ni Bibi Namsifu. Mbwa ni Tomi. Tomi ndiye aliyefukuza ngedere shambani. Bila Tomi hakuna mahindi, na bila mahindi, haya, kuleni mawe.

Asubuhi moja Nakunda aliipua sufuria ya supu kwa kitambaa. Kitambaa kikalowa mafuta, kikaanguka. Tomi akakidaka, akameza chote. Nakunda aliona. Je, alipiga kelele? Wapi! Kitambaa kile kilikuwa kipande cha kanga aliyopewa na mama mkwe siku alipoingia nyumba ile. Aliichana mwenyewe, siku aliyokasirishwa na neno dogo tu la mama mkwe. Aibu ikamfunga mdomo. "Atakitoa," akasema moyoni. "Mbwa hushindwa nini?"

Bibi Namsifu alikuwa kibarazani anachambua maharage. Naye aliona. Tena kanga yake aliijua, maana aliichagua mwenyewe dukani. Naye akanyamaza! "Nikisema," akawaza, "mkwe wangu atauweka wapi uso wake?" Akaendelea na maharage. Jamani!

Jioni Tomi akatapika povu, tumbo limevimba. Elinihaki akaona ncha ya kitambaa imetokeza nyuma. Bwana mifugo alikaa nyumba ya tatu tu kutoka pale. Lakini mwezi uliopita, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Elinihaki aliona uvivu kupanga foleni, akamficha Tomi stoo, akamwambia yule bwana, wakati huo bado mgeni kijijini, "Mimi sina mbwa." Sasa ampelekee mbwa gani? Akaishika ncha ile, akavuta. Tomi alilia mpaka majirani wakatoka nje.

Asubuhi, Tomi hawezi tena kusimama, wakambeba wote watatu hadi kwa bwana mifugo, hakuna anayemtazama mwenzake.

Bwana mifugo akampapasa, akatikisa kichwa. "Kitambaa kikitokeza hakivutwi, kinakata utumbo. Mbwa akimeza kitu analetwa saa ileile, na mtu anasema ni kitu gani. Jana asubuhi huyu angepona. Nani alijua jana?"

Tomi akakata roho mezani.

Wakarudi naye nyumbani kumzika. Elinihaki akachukua jembe. Nakunda akalishika mpini, machozi yanamtoka.

"Niachie mimi, baba. Mimi niliichana kanga ya mama, nikaona afadhali mbwa aumwe kuliko mimi kuumbuka."

Bibi Namsifu akalishika naye. "Niachie mimi, mwanangu. Wewe ulikuwa unaniogopa mimi. Mimi nilikuwa namwogopa nani? Neno moja tu, nikalimeza."

"Niachieni mimi," akasema Elinihaki. "Ninyi mlinyamaza. Mkono uliovuta ni huu. Na nilivuta kwa kuona haya mbele ya mtu niliyemdanganya."

Wakasimama hivyo, mikono sita kwenye mpini mmoja, na huko shambani ngedere walishaanza kuvunja mahindi.

Haya, nyie mnaoinamisha macho kana kwamba kwenu hakuna mbwa. Mimi kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara nampa jembe mwingine, kisha naona nimekosea. Niambieni ninyi: je, nani alistahili kulichimba kaburi lile?