Kiboko Alivyokwenda Kulimega Jua

Ngano naileta!

Ilete, bibi, tuipokee!

Ina miguu minne na haina mkia!

Ije hivyo hivyo, tutaishika masikio!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe, mtoe mwenzio kiwiko mbavuni, imeshafika.

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana Kasuku alikuwa amekwisha kuona televisheni, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na mto, na kando ya mto palikuwa na jiwe kubwa, pana kama uwanja wa kuanikia mtama. Juu ya jiwe alikaa Pimbi na wanawe saba.

Pimbi mnamjua. Ni kama sungura aliyesahau kuota masikio. Moto wa mwilini mwake ni haba. Akiamka asubuhi ni baridi kama chungu kilicholala nje. Kwa hiyo jua likichomoza, Pimbi huyo, tumbo juu ya jiwe, chwaa! Na wanawe juu yake, chwa, chwa, chwa, chwa, chwa, chwa, chwa! Wakishapata joto ndipo siku inaanza. Wasipopata, haianzi. Kipupwe cha mwaka mmoja mawingu yalikaa siku nne mfululizo, na kabla ya mawingu hayo watoto wa Pimbi walikuwa wanane.

Sasa, bonde lile lilikuwa na sheria moja tu. Haikuandikwa popote, lakini hata kumbikumbi aliijua: *Atuapo ndipo pake.* Nyuki wakitua kwenye tundu la mti, tundu ni lao, Tembo mwenyewe hawasogezi. Kiboko aliletwa na mafuriko, mafuriko yakamtua bwawani pale mtoni, bwawa likawa lake. Na Pimbi? Bibi wa bibi yake alinyakuliwa na mwewe, akamng'ata mwewe kidole huko huko juu, mwewe akaachia, bibi akashuka, pu! Juu ya jiwe. Jiwe likawa lao.

Wakaishi hivyo mpaka aliporudi Kasuku.

Kasuku alikuwa amekaa miaka mitano ndani ya tundu, kwa mwalimu mmoja mwenye televisheni. Alipotoroka na kurudi bondeni wakamwita Mwalimu, ingawa alichojifunza miaka yote mitano kilikuwa roketi tu.

"Inapanda, fyuuu!" akawaambia. "Inafika huko. Halafu inarudi, jamani! Inatua wima, pale pale ilipotoka, kama kuku anavyorudia kiota chake."

"Mwongo wewe," akasema Ngiri.

"Nife hapa!"

"Na ikipasuka?"

"Ikipasuka wanapiga makofi."

"Makofi? Imepasuka?"

"Wanasema, tumejifunza."

Ngiri akalipenda neno hilo, akaenda nalo nyumbani. Tangu siku hiyo bonde halikuwa na mazungumzo mengine. Asubuhi roketi, mchana roketi. Ngiri akashikilia kwamba pa kwenda ni mwezini, kuna udongo laini wa kuchimba. Kasuku akamwambia mwezini ni mlangoni tu, safari ni ile nyota nyekundu. Wakagombana mpaka Ngiri akasusa kula mizizi siku nzima, kwa sababu ya nyota ambayo hajawahi kuiona, maana Ngiri hatazami juu.

Pimbi yeye aliuliza swali lake lile lile kila siku. "Mwalimu, hao wa roketi, baridi wanaifanyaje?"

"Wanatengeneza jua dogo, dada," akasema Kasuku. "Wanalitia ndani ya chungu. Chungu kimoja, bonde zima joto. Moshi hakuna, majivu hakuna."

Moyo wa Pimbi ukaruka. "Litakuwa tayari lini?"

"Bado miaka thelathini."

Kobe, ambaye wote walidhani amelala, akatoa kichwa. "Babu yangu naye aliambiwa thelathini," akasema, akarudisha kichwa ndani.

Kumbe bwawani kuna masikio mawili. Maji yakainuka, vuruu! Kiboko akatoka, anachuruzika matope, mdomo wazi kama mlango wa ghala.

"Jua ndani ya chungu?" akasema. "Miaka thelathini ya nini? Jua si hilo hapo juu? Naenda kulimega!"

"Mjomba!" akasema Kasuku, manyoya yamemsimama kwa furaha. "Utahitaji roketi!"

"Mtanitengenezea. Nitaondokea juu ya jiwe la Pimbi, maana ni gumu. Nikirudi nitatua wima juu ya jiwe la Pimbi. Na atuapo?"

Wote wakamtazama Pimbi.

"Nauliza, atuapo?"

"Ndipo pake," wakajibu kwa sauti ndogo.

"Basi. Jua langu, jiwe langu. Anayetaka kuota moto ataniletea majani mabichi mpaka mdomoni, asubuhi na jioni."

Pimbi akasogea. "Mjomba Kiboko, na wanangu?"

"Wanao wana manyoya. Mimi niliumbwa uchi, nani aliwahi kunihurumia?"

Pimbi akautazama ule mdomo. Yeye na wanawe wote wangeenea mle kwa mwayo mmoja, na nafasi ingebaki. Akasema, "Sawa, mjomba. Basi niache niwe fundi wako."

"Wewe? Hata mkia huna!"

"Wako huo, mjomba, kama kijiko cha chumvi, umewahi kukusaidia nini?"

Kiboko akageuka kuutazama, akazunguka nao mara mbili. Ufundi ukawa wa Pimbi.

Pimbi alikuwa na jambo moja alilolijua kwa macho yake. Kutoka juu ya jiwe aliona kila siku mapovu yakipanda kutoka chini ya bwawa, blup, blup, pale Kiboko anapofanyia haja yake. Na siku moja radi ilipopiga karibu, mapovu yale yalishika moto, buluu kama ua, yakazimika.

"Roketi inataka gesi," akasema.

"Gesi! Ndiyo yenyewe!" akasema Kasuku.

"Na gesi ya bonde hili imo ndani ya mavi yako, mjomba, samahani kwa wakubwa."

Kiboko akaduwaa. Tangu azaliwe alikuwa anayarusha kwa mkia, faka faka faka, mtoni, majanini, usoni kwa jirani. "Utajiri huu wote nimekuwa nikiumwaga?"

"Umeumwaga, mjomba."

"Jamani!"

Ngiri akachimba shimo chini ya jiwe. Kobe akatumwa udongo wa kufinikia. Wakamngoja siku mbili. Pimbi akachomeka mwanzi mrefu, ncha ameipaka udongo usiungue, ukatoka shimoni ukafika juu ya jiwe. Na Kiboko akaja shimoni asubuhi, puu! Akaja jioni, puu! Akaja hata siku ambazo hakuwa na haja, akajikamua tu kwa ajili ya safari.

Roketi ya kwanza ilikuwa gogo la mkuyu lililooza ndani. Wakalisimamisha juu ya mwanzi. Kasuku akaanza, "Tano, nne, tatu..."

"Mbona unarudi nyuma?" akauliza Kiboko.

"Ndivyo wanavyohesabu wanaokwenda mbele, mjomba. Mbili, moja!"

Pimbi akagonga mawe mawili, cheche, akakimbia. BUUU! Gogo likawa vijiti vya kuchokolea meno. Ngiri akaanza kuimba, na wengine wakamfuata:

*Tumejifunza, tumejifunza,*
*Lililopasuka limetufunza!*

"Tumejifunza nini?" akauliza Kiboko.

"Tumejifunza," akasema Ngiri kwa heshima.

Gogo la pili Pimbi alilisiliba udongo kwa ndani. Tano, nne, tatu, mbili, moja, cheche! Fyuuu! Likapanda, wakalitazama, hata Ngiri alijilaza chali alitazame. Likasimama hewani kidogo kama linafikiri. Likashuka, likatua wima juu ya jiwe, ndi! Pale pale wanawe Pimbi walipolala asubuhi ile.

"Wima!" Kasuku analia machozi. "Mmeona? Wima!"

*Tumejifunza, tumejifunza!*

Kiboko akacheka mpaka bwawa likafanya mawimbi. Na Pimbi? Aliwakumbatia wanawe. Amefanya kazi nzuri, na kazi nzuri ndiyo itakayomfukuza nyumbani kwake.

Gogo la tatu likapanda kama la pili, fyuuu! Lakini hili likapinda huko juu, likachora upinde, likaangukia bwawani, chubwi!

*Tumejifunza, tumejifunza!*

Waliimba wote isipokuwa Pimbi. Yeye aliinama pale gogo lilipokuwa limesimama. Chini yake, upande wa mlima, ule ulio mbali na mto, palikuwa na kokoto. Kokoto moja, ndogo kama jino la mtoto. Ndiyo iliyoliinamisha gogo upande wa bwawa. Pimbi akaifuta vumbi, akaitia shavuni.

Siku ya Kiboko ikafika. Gogo lilikuwa kubwa, wamelivingirisha siku tatu. Kiboko akakaa juu yake, gogo likalia, ngwiii. Shimo limejaa, mwanzi unapiga mluzi wenyewe. Bonde zima limekuja.

"Mjomba," akasema Pimbi, sauti imezibwa kidogo na ile kokoto, "sheria isije ikageuzwa hapo baadaye. Useme mbele ya wote. Utakapotua leo?"

"Ndipo pangu!"

"Kwa leo tu?"

"Siku zote, wewe kiumbe usiye na mkia! Mimi na wanangu na wajukuu wangu! Wote hawa mashahidi!"

"Tumesikia," akasema Kobe kutoka ndani.

Pimbi akainama kama anayekagua kazi yake. Akaitema kokoto, tup, chini ya gogo, upande wa mlima.

"Tano!" akasema Kasuku. "Nne! Tatu!"

"Harakisha, jua linapanda!" akasema Kiboko.

"Mbili! Moja!"

Cheche.

Wajukuu zangu! FYUUUUU! Moshi ukafunika jiwe, ndege wakahama miti. Kiboko akapanda, miguu minne inapiga makasia hewani, mashavu yanapeperuka, anapiga kelele "Mamaaa!" kama ndama. Alifika wapi? Kasuku mpaka leo anasema aliupita mwezi. Kobe anasema aliupita mkuyu, tena mkuyu mfupi. Halafu akapinda, akachora upinde mzuri ajabu, akashuka, CHUBWIII! Maji yote ya bwawa yakatoka kutembea, yakarudi.

Mapovu. Masikio mawili. Macho mawili.

"Nimefika?" akauliza Kiboko.

"Umefika, mjomba!" Kasuku sauti imemkauka. "Wa kwanza bondeni kwenda na kurudi!"

*Tumejifunza, tumejifunza!*

Pimbi akashuka mpaka ukingoni. "Pole na safari. Matako yanaendeleaje?"

"Yanawaka moto!"

"Basi umeligusa."

Kiboko akafikiri. "Nililigusa," akasema. Akafikiri tena. "Nililimega!"

"Ulilimega, mjomba. Tazama kipande chako." Akamwonyesha juu ya jiwe, kwenye ncha ya mwanzi. Gesi iliyobaki ilikuwa inawaka pale, buluu, imetulia. Kiboko akatoa macho.

"Hebu nikatue juu ya jiwe langu."

"Umekwisha kutua, mjomba. Ulitua wapi?"

Blup.

"Bwawani," akasema Kiboko.

"Na atuapo?"

"NDIPO PAKE!" wakajibu wote, na safari hii si kwa sauti ndogo.

Kiboko akapanua mdomo, hasira zimempanda, anataka kutoka majini, sheria au si sheria. Pimbi hakurudi nyuma. Akanong'ona, "Shh! Mjomba, usitoke. Lile jua lilikuwa zima asubuhi. Sasa limemegwa, na linatazama bonde lote. Unadhani linamtafuta nani?"

Kiboko akatazama juu. Jua likamchoma macho, kali kama mwenye mali aliyeibiwa. Akazama taratibu, yakabaki masikio na pua.

"Kipande ni changu lakini," akasema kutoka majini.

"Chako, nani atabisha? Mimi mlinzi tu. Ila kinakula sana."

"Kinakula nini?"

"Unajua mwenyewe, mjomba."

Basi tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, jua lisimtambue. Likishazama hutoka, anakwenda shimoni kifua mbele, puu! Analisha jua lake. Akiwa mbali na shimo hurusha kwa mkia, faka faka faka, labda kidogo kitafika. Na siku za mawingu Pimbi huuzunguka ule mwali na wanawe, ambao sasa ni tisa. Ngiri huja kuota moto, Kobe huja, akifika wenzake wanaondoka. Majani mdomoni hapeleki mtu. Kasuku naye huja, akakaa kando ya mwanzi, na kuwaeleza kwamba huo si moto wa kisasa, wa kisasa ni jua la ndani ya chungu, nalo limekaribia. Bado miaka thelathini.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watasema nawapotosha. Msiwadanganye wakubwa. Uongo haufiki mbali. Wa Pimbi haukufika mbali hata kidogo, upo pale pale juu ya jiwe, unawaka. Na la pili: msipoteze macho yenu kwenye vikokoto vya chini. Tazameni juu, kama Kiboko.

Ngano ilipanda, ikapinda, imetua.

Imetua wapi, bibi?

Masikioni mwenu.

Na ituapo?

Ndipo pake!