Betri za Korongoni

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie yeyote mwenye sola juu ya bati lake.

Kijiji kimoja kilikuwa na mazoea mabaya. Betri ya sola ikifa, inatupwa korongoni. Hakuna aliyejali, ilimradi imetoka uani kwake. Chini ya korongo hilo ndipo kilipokuwa kisima chao.

Ikatokea mtoto mdogo, Kabula, akalazwa hospitali. Alikuwa amekwisha mwili, hata kusimama hawezi. Daktari akamwambia mama yake, "Mwanao ana sumu ya betri. Akirudi kwenye maji yale, utampoteza."

Mama Kabula akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugembe, akamweleza huku analia. Mzee akaitisha mkutano.

"Betri za korongoni ni za nani?"

Kimya. Ungedhani kijiji kizima bado kinawasha vibatari! Inauma, lakini binadamu ndivyo tulivyo.

Mzee akabadili maneno. "Haya. Kesho linakuja gari. Atakayeleta betri mbovu atapewa mpya."

Asubuhi korongo lilijaa watu.

"Hiyo yangu, ona alama ya rangi!"

"Weka chini, Baba Mboje, hiyo nimeitupa mimi kwa mkono wangu!"

Kufikia mchana betri zote zilikuwa uwanjani, kila moja na mwenyewe, isipokuwa moja tu iliyokosa mwenyewe.

"Mwenyekiti, gari liko wapi?"

"Hakuna gari," akasema Mzee Lugembe. "Nilitaka kuwajua wenyewe. Sasa tutachanga tukodi lori, zipelekwe mjini kwa wanaojua kuzishughulikia. Kisima kile tunakifunga leo, na tutachimba kingine mbali na korongo."

Watu wakafura kwa hasira. Baba Mboje akaisonta ile betri iliyobaki. "Na hii je? Mwenyewe hatachanga?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaiendea.

"Ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza kutupa pale. Na kwenye mkutano nilinyamaza kama ninyi. Nisamehe, Mama Kabula."

Mama Kabula alifuta machozi, akashika upande wa pili wa ile betri, wakaibeba pamoja.

Funzo: Uliyefaidi mwanga, mzigo wa betri iliyokufa ni wako. Kabla hujauliza nani kachafua maji, kumbuka ulichotupa wewe.