Kifuniko cha Gari la Paskali

Kilichonyooshwa moto, kisifu kikipoa. Shangazi yenu amewajibu hivyo wale wageni waliokuja kumwombea msamaha mume wa dada yenu, nanyi mkaguna kana kwamba amewatukana. Haya, sogeeni hapa. Msidhani maneno haya yana umri wa Nuhu. Yalizaliwa Mto wa Mbu, kwenye gereji ya mwanamke, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na dereva wa watalii, Paskali Bura. Kazi aliijua, ila ule mdomo, jamani! Akikasirika alifoka mpaka majirani wakazima redio wasikilize. Siku aliyovurumisha sufuria ya uji ukutani, mkewe Natalia alimfunga mtoto mgongoni, akapanda zake kwao Karatu. Nyumba ikabaki kimya. Paskali akawa hali akashiba, halali akapata usingizi.

Mwisho akaenda ukweni. Akalia mbele ya wazee, akaapa kwamba amebadilika. Baba mkwe akamwambia, "Njoo Jumamosi, tutazungumza." Yeye akajihesabia kuwa ameshapewa mke.

Akaanza kuliosha gari. Kile kifuniko cha paa, cha faiba, ile plastiki ngumu, ambacho watalii hukiinua wachungulie wanyama, akakivua na kukiegemeza ukutani, kisha akalilaza tairi la akiba juu yake. Jua la Mto wa Mbu mnalijua. Jioni kifuniko kilikuwa kimebonyea katikati na kingo zimebinuka. Masika yalikuwa mlangoni, na mtoto alikuwa na kifua kibovu. Bila kifuniko hakuna kumleta mtu.

Jumamosi asubuhi akakimbilia kwa Mama Shemdoe, fundi aliyejifunzia faiba kwenye karakana ya maboti huko Tanga. Mama akakilaza kifuniko juu ya fremu iliyonyooka, akakifunika kwa magunia, akamwagia maji yanayochemka, tena na tena. Faiba ikalegea. Akaibana kwa vibanio vya chuma pande zote.

"Sasa usikiguse mpaka kesho," akasema. "Faiba ina kumbukumbu. Ukiiachia ingali na joto, inarudi ilikotoka."

"Kesho? Mama, leo namfuata mke wangu!"

"Basi mfuate kwa basi."

Mama Shemdoe akaenda dukani kutafuta gundi. Paskali akabaki anazunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akatazama saa. Akakitazama kifuniko: kimenyooka kabisa! Akakipapasa, akaona kina uvuguvugu tu. Akatoka nje akaangalia mawingu, akarudi ndani. "Uvuguvugu si moto," akajiambia. Akalegeza kibanio kimoja. Kifuniko kikatulia. Akafungua vyote, akakifunga juu ya gari, akaondoka mbio kabla mwenyewe hajarudi.

Ukweni akashuka kwa tambo. Baba mkwe alitaka wakae kwanza wazungumze, lakini Paskali hakukalishika. "Mzee, mimi nimeshanyooka! Mtazameni tu mtu mzima!" Alisihi hivyo hivyo, amesimama, mpaka Natalia akaona aibu, akabeba mtoto akapanda gari.

Upepo wa mlimani ulikuwa wa baridi. Kabla hawajafika Rhotia kifuniko kikaanza kupiga mluzi. Kona moja ikainuka, kisha ya pili. Mvua ikaja, ikamwagika moja kwa moja juu ya Natalia na mtoto.

"Paskali, mtoto analowa!"

"Naona! Nina macho!" Akapiga usukani kwa ngumi. "Nuksi hii yote ni yako! Ungekaa kwako ningekuwa hapa mimi?"

Mtoto akaangua kilio.  Natalia alimfunika mwanawe kwa kanga, kisha akasema taratibu, "Simamisha gari."

Akashuka, akavuka barabara, akapanda basi la kurudi Karatu. Paskali akabaki na mlango uko wazi na maji yanaingia. Aliogopa, wanangu, aliogopa hasa, maana alikuwa amejisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Alipokirudisha kifuniko, Mama Shemdoe hakumgombeza. Alikitazama kifuniko, akamtazama mtu, akasema, "Kilichonyooshwa moto, kisifu kikipoa." Akaenda kuchemsha maji upya. Safari hii Paskali alilala gerejini, na hata kilipopoa hakukifungua yeye, alimngoja fundi.

Baada ya hapo akawa anapanda Karatu kila Jumamosi. Anasalimia, anampakata mtoto, anachanja kuni za mama mkwe, anaondoka. Habari ya kumchukua mtu haitamki. Moyoni alikuwa anawaka, lakini alinyamaza. Masika yakaisha, mahindi yakavunwa, watu wakaanza kusema mwanamke amemsahau.

Siku moja, akiondoka, gari likazama kwenye tope la zizi. Akatoa kichwa nje, akakanyaga mafuta, tope likamrukia usoni na kwenye shati la kanisani. Natalia alikuwa dirishani, anangoja kusikia atakavyofoka. Paskali akashuka garini. Akajifuta, akaomba jembe, akaanza kuchimba.

Gari lilipotoka, akamkuta mkewe amesimama pembeni na mtoto mgongoni, furushi mkononi.

"Baba Faustini, umepoa?"

 "Sijui, mama. Labda bado. Ngoja kidogo tena."

Natalia akatupa furushi ndani ya gari. "Aliyeniambia amenyooka nilimpandia gari nikalowa. Huyu anayesema bado, nakwenda naye."

Kwa hiyo shangazi yenu hakuwafukuza wale wageni. Mwambieni dada yenu aache kulia, na mumewe aache kuapa. Vibanio bado viko. Kilichonyooshwa moto, kisifu kikipoa.